Kamba ya Karakana: Mita Tisa

"Tisini na moja."

Hapo ndipo tulipomwacha mkaguzi, ameinama kwenye mstari wa goli, na hapo ndipo simu yangu ilipoanza kuita mfululizo. Wako wasomaji wanaoapa kwamba amehongwa na wapinzani. Yuko mmoja, fundi cherehani, aliyeniandikia kwamba tepu za siku hizi hazina adabu. Poleni nyote. Mkaguzi hakuhongwa, na tepu yake ilikuwa nzima.

Alipima tena. Safari hii alimpa nahodha ashike ncha ya tepu golini, akatembea nayo mwenyewe mpaka goli la pili.

"Tisini na moja," akarudia. "Kanuni zinataka mia."

Nahodha ndiye yule anayeitwa Kufuli, kwa sababu akisimama katikati ya ngome hapiti mtu. Asubuhi ni fundi wa kuchomelea vyuma, jioni ni beki. Magoli yote mawili aliyachomelea yeye. Ana miaka thelathini na moja, na goti la kulia linalomwambia mvua itanyesha lini.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, nikudokeze upesi. Karakana ni timu iliyozaliwa kwenye safu ya vibanda vya maseremala na wachomelea vyuma, ikicheza na mpira wa kuazima. Kwa miaka sita imepanda madaraja matatu. Mbele yake umebaki mlango mmoja tu, ligi ambayo mchezaji anasaini mkataba, siyo kupewa soda na kuambiwa asante. Ligi ikamtuma mkaguzi. Chumba cha kuvalia kikapita, uzio ukapita, mabomba yakapita. Ulibaki urefu wa uwanja, jambo ambalo hakuna aliyelihofia, kwa kuwa uwanja ulipimwa na Mzee Futi.

Mzee Futi ni seremala, mwasisi wa klabu, na baba mzazi wa Kufuli. Hajawahi kuonekana bila futi ya mbao mfuko wa nyuma. Nusu ya mapaa ya mtaa ule aliyapima yeye kwa kamba yake ya mkonge, na hakuna paa lililokaa upande. Miaka miwili iliyopita, magoli mapya yalipokuwa yakimwagiwa zege, kamba hiyo hiyo ndiyo iliyotumika.

Watu wote pale uwanjani wakageuka kumtazama. Alikuwa amesimama kwenye kona, mkono mmoja ameuegemeza kwenye kibendera.

"Fundi," aliita Mwalimu, katibu wa klabu, ambaye kazi yake ya mchana ni kufundisha hesabu shule ya msingi. "Uwanja huu uliupima wewe?"

"Nilipima mimi."

"Ukapata ngapi?"

"Kamba nne. Kamba moja ni mita ishirini na tano."

"Nne mara ishirini na tano ni mia."

"Ni mia," Mzee akakubali.

"Sasa hizo tisa zimekwenda wapi?"

Mzee aliutazama uwanja, akaanzia goli moja mpaka lingine, akarudi. Alitazama kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Sijui," akasema. "Labda nilihesabu vibaya. Siku hizi nasahau."

Hapo sauti ikapasuka nyuma ya umati: "Mzee katupiga kamba!"

Watu waliangua kicheko. Utani uliingia barabara, siwezi kuunyima haki yake, na hata mimi ningekuwepo ningecheka. Ndiyo maana naona haya kuuandika.

Kufuli hakucheka.

*

Walikwenda kukaa chumba cha kuvalia, maana ndicho pia ofisi. Walikuwa wanne: mkaguzi, Mwalimu, Kufuli na baba yake.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Angekuwa mkali, watu wangepata wa kumchukia. Alitoa fomu kwenye mkoba, akaiweka juu ya benchi.

"Sahihi hii ni ya nani, mzee wangu?"

"Yangu."

"Umethibitisha kwamba umepima mwenyewe, na ni mita mia kamili."

"Ndivyo nilivyothibitisha."

Kufuli akadakia. "Bwana mkaguzi, goli nalikata leo leo. Nililichomelea mimi, nitalihamisha mimi."

"Utalipeleka wapi?"

Nyuma ya goli la juu kuna ukuta wa shule. Nyuma ya goli la chini kuna chumba hiki hiki walichokaa, ambacho kila shabiki alileta tofali lake mwenyewe mkononi mpaka kikasimama.

"Mita zenu tisa mmezikalia," mkaguzi akasema, wala hakuwa akitania.

Alifungua kalamu. "Nina mstari mmoja wa kujaza, sababu. Nikiandika ni bahati mbaya, maana yake klabu haijui kupima uwanja wake. Mnabaki mlipo msimu mzima. Nikiandika kuna mtu mmoja alidanganya kwa makusudi, basi klabu imedanganywa kama sisi tulivyodanganywa. Mnapanda. Mechi za nyumbani mtachezea uwanja wa kuazima mpaka mjipange. Lakini mtu huyo anafungiwa maisha. Hakanyagi tena uwanja wenye mechi ya ligi, hata kama shabiki."

"Na wakiwa wawili?" Mwalimu akauliza. Huyu bwana hesabu ikianza lazima aimalize.

"Viongozi wawili wakijua, huyo siyo mtu tena, hiyo ni klabu. Mnafutwa kwenye orodha." Akatazama saa. "Sasa ni saa saba. Saa kumi naondoka. Nitaondoka na karatasi yenye sahihi."

Bomba moja lilikuwa likidondosha maji, na hakuna aliyeinuka kulifunga.

"Baba," Kufuli akasema taratibu. "Ulikosea, sivyo?"

Mzee Futi alishika magoti, akajiinua.

"Nipeni nafasi niende nyumbani nikatafute."

"Ukatafute nini?"

"Kichwa changu," akajibu, akatoka.

Hakuna aliyemfuata. Mwezi uliopita alikuwa amemwita Mwalimu kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Kabla ya hapo aliacha bomba la uwanja wazi kutwa nzima, kona nzima ikageuka bwawa. Watu walishaanza kunong'ona, na sasa waliona wamepata ushahidi.

*

Mkewe alikuwa uani, mikono imezama kwenye beseni la jezi.

Mama Kufuli ndiye mtunza vifaa wa klabu. Jina lake liko kwenye orodha ya viongozi, mstari wa tatu. Anafua, anashona namba, anajua soksi ya nani imetoboka kidole gani. Ni mwanamke mrefu, amempita mumewe kichwa kizima, na walipooana watu waliuliza ni nani aliyemposa mwenziwe.

Habari ilikuwa imeshafika kabla ya Mzee. Mama Kufuli alimwona akipita bila salamu, akaingia kibandani kwake, akatoka na randa. Akaiweka mkekani. Akarudi, akatoka na msumeno. Kisha patasi tatu, nyundo, keekee.

"Baba Kufuli, unafanya nini?"

"Nagawa."

"Unamgawia nani?"

"Yeyote mwenye akili zake. Mtu asiyeweza kuhesabu mpaka nne ana kazi gani na msumeno? Nitajikata vidole."

"Acha maneno hayo."

Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimtazama mkewe kama mtu anayemtazama daktari.

"Mama Kufuli, niambie kweli, usinionee huruma. Nimeanza kupotea?"

Mama Kufuli aliona moyo wake unachanika, nalisema hivyo hivyo lilivyo kwa sababu sina namna nyingine. Miaka miwili amemsikia mume huyu akijisifu kwa uwanja ule. Na miaka miwili yeye mwenyewe amebeba jambo moja, dogo sana, la kucheka nalo, ambalo kila siku alisema atalitoa kesho.

Alikamua povu mikononi.

"Ile kamba niliikata," akasema.

"Kamba ipi?"

"Kamba yako. Siku ile ya mechi ya kupanda daraja, kabla hujapima magoli. Kamba ya kuanikia ilikatika, jezi zote kumi na nane zikaanguka topeni. Nikafua upya. Mechi saa kumi, sina pa kuanika. Kamba yako ilikuwa msumarini. Nikakata pima moja na mkono mmoja, nikaungia yangu."

"Ncha?"

"Ncha nikaifunga uzi mwekundu, kama ulivyokuwa umeifunga wewe. Ndiyo maana hukuona."

Mzee Futi alisimama. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti.

"Pima ya mikono ya nani?"

"Yangu."

"Simama ukutani. Nyoosha mikono."

"Baba Kufuli..."

"Nyoosha!"

Akanyoosha. Mikono imelowa, povu linachuruzika viwikoni. Mzee alichomoa futi mfuko wa nyuma, akaanzia kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaweka alama ukutani kwa ukucha, akasogea, akapita kifuani pa mkewe bila hata kumtazama usoni, mpaka kidole cha kati cha mkono wa kulia.

"Mita moja na themanini. Sasa kiwiko mpaka kidoleni." Akapima. "Arobaini na tano. Jumla mbili na robo. Kamba nne, mbili na robo mara nne..."

Alihesabu kwa vidole, taratibu, mtu anayeogopa kukosea. Kisha akahesabu tena.

"Tisa," akasema. "Mama Kufuli, ni tisa! Tisa kamili!"

Akacheka. Alicheka mpaka akamshika mkewe mabega, akimtikisa, na machozi yakaanza kumtoka katikati ya kicheko kile kile.

"Sijapotea! Nilihesabu sawasawa! Kamba nne, nilihesabu nne!"

Mama Kufuli alilia pia, lakini yeye hakuwa na la kuchekea.

Kicheko kikaisha. "Nilikuuliza," Mzee akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikuta imetundikwa kinyume, nikakuuliza kama kuna mtu ameigusa."

"Nikasema, nani aiguse?"

"Hilo siyo jibu, ni swali."

"Najua. Ndiyo maana nikalichagua." Alijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Siku ile mlishinda, ukaja unaimba. Nikasema nisikuharibie. Kesho yake nikaogopa. Baada ya hapo hata sijui. Twende, nitamwambia mkaguzi, akupe heshima yako."

Alikuwa ameshaanza kutafuta ndara zake. Mzee hakutikisika.

"Hatuendi."

"Kwa nini?"

Akamweleza yale ya mkaguzi, mstari mmoja wa kujaza. Mama Kufuli alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye ile ndoo.

"Kwa hiyo nikisema kweli..."

"Ukisema kweli ni bahati mbaya, na bahati mbaya hawapandi. Goti la mwanao halina msimu mwingine, Mama Kufuli. Wewe ndiye unayelichua. Unajua."

Alijua. Kila Jumapili analichua kwa maji ya moto, akisikia mfupa unavyosaga.

"Sasa?"

"Sasa nilidanganya."

"Hukudanganya!"

"Nitakuwa nimedanganya. Ni karatasi tu."

"Watakufungia maisha!"

"Maisha yenyewe yamebaki kiasi gani?" Akajaribu kutabasamu. "Nitasikiliza redioni. Mbona wengi wanasikiliza redioni."

"Na Kufuli?"

"Kufuli asijue. Akijua hatasaini mkataba, unamfahamu. Niahidi."

Hakuahidi. Lakini hakukataa, na Mzee akachukulia hivyo. Aliondoka haraka, na kwa mara ya kwanza siku ile alitembea kama mtu anayejua anakokwenda.

*

Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizonyooka, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kwenye mbao. Mwalimu akaisoma kwa sauti mbele ya wachezaji, maana ndivyo kanuni inavyotaka.

"Mimi fundi seremala, mwasisi wa klabu, nilijua uwanja ni mfupi. Niliandika mita mia kwa makusudi. Niliwadanganya wote, hakuna mwingine aliyejua."

Wachezaji walitazama viatu vyao. Mkaguzi akachukua karatasi, akampa Mzee mkono, na Mzee akaupokea kama mtu anayeaga msibani.

Mzee alipoondoka, Kufuli alimfuata.

Alimfikia baba yake nyumbani, uani. Mama alikuwa kwenye beseni lile lile, jezi zile zile, anafua alizokwisha kufua.

"Ulijua?" Kufuli akauliza.

"Nilijua."

"Kwa nini, Baba?"

Hapo Mzee akababaika. Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Watu wasiozoea kudanganya huandaa uongo mmoja tu, wakidhani utatosha.

"Nilitaka mpande."

"Tupande kwa wizi?" Sauti ya Kufuli ilikuwa chini, na ni afadhali angepiga kelele. "Nina miaka kumi na minne kwenye timu hii. Nimevunjika pua kwa ajili ya timu hii. Kila tukishinda unanishika bega unaniambia, mwanangu, kwa haki. Kwa haki! Nikiwa mdogo niliweka msumari mmoja wa jirani mfukoni, ukanirudisha nao mpaka mlangoni kwake nikaombe radhi."

"Nakumbuka."

"Unakumbuka! Unaona? Wala hujasahau chochote. Watu walikuwa wanakutetea, wanasema mzee amechoka, kichwa kimechoka. Nami nikawa naomba, nikawa naomba kabisa, iwe ni kichwa."

Mzee aliinamisha uso.

"Wenzangu wamenipa pole, Baba. Mmoja mmoja wamenishika mkono. Basi na iwe nimefiwa. Mkataba nitasaini, lakini mimi sina baba."

Msomaji, nimeandika hadithi hii wiki nyingi, nimewavunja watu miguu, nimewachomea watu vibanda. Sijawahi kutaka kufuta sentensi kama ninavyotaka kuifuta hiyo. Lakini alishaisema.

Kisha Kufuli akageukia beseni.

"Mama. Wewe ulijua?"

Mzee Futi aliinua macho haraka. Nyuma ya mgongo wa mwanawe akamtikisia mkewe kichwa: sema hapana. Neno moja tu, hapana.

Mama Kufuli alimtazama mumewe. Akamwona amesimama pale kati ya patasi na msumeno wake, mfupi, mzee, mwongo mbele ya mtoto wake wa pekee, na hana hata mtu mmoja upande wake.

"Nilijua," akasema.

Ilikuwa kweli tupu. Alijua kuliko wote. Ila alichokuwa akijua siyo alichoulizwa.

Kufuli alisimama kama mtu aliyepigwa na mpira tumboni. Akaingia ndani, akatoka na begi lake la mazoezi.

"Wote wawili," akasema. Akapita mlango wa ua, hakuufunga.

"Kwa nini umesema hivyo?" Mzee akauliza.

"Sikutaka ubaki peke yako."

"Nilitakiwa nibaki peke yangu! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe!" Akajishika kichwa. "Wewe ni kiongozi, Mama Kufuli. Uko kwenye orodha. Umekuwa wa pili!"

*

Hazikupita dakika kumi, Mwalimu akaingia mbio, shati limechomoka, suruali ina vumbi mpaka magotini.

"Mama Kufuli! Umemwambia nini kijana?"

Hakungoja jibu.

"Ameingia ofisini, ameweka kitambaa cha unahodha mezani, akamwambia mkaguzi barua ina uongo, kwamba mama yake naye alijua. Eti hawezi kusaini chini ya uongo mwingine. Mkaguzi ameitoa barua yetu mkobani, ameiweka pembeni." Alivuta pumzi. "Lakini ni mtu mwema yule. Anasema maneno ya kusikia siyo ushahidi. Anataka kinywa chako mwenyewe. Ukisema hukujua, kwamba ulisema kwa hasira, kwa uchungu, vyovyote vile, basi yamekwisha, tunapanda. Ni saa kumi kasorobo. Twende."

Mama Kufuli alikausha mikono kwenye gauni.

"Utasema hukujua," Mzee akasema.

Alivaa ndara zake.

"Mama Kufuli. Utasema hukujua chochote."

"Halafu?"

"Halafu wanapanda."

"Na mwanangu?"

"Atacheza."

"Atacheza akiwa hana baba."

"Atakuwa na mama," Mzee akasema. "Inatosha. Wako wengi wenye mama tu, na wamekuwa watu."

"Nikisema sikujua, kesho na keshokutwa nitakaa naye mezani, anakutukana, nami nimenyamaza. Miaka miwili nilinyamaza kwa kamba tu, Baba Kufuli, angalia ilipotufikisha."

"Vijana ishirini na wawili wanakusubiri pale! Mtaa mzima ulibeba matofali! Unataka waangukie kwenye pima moja na mkono mmoja?"

Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kamba gani? Pima gani?"

"Hayakuhusu," Mzee akasema, akaenda mpaka mlango wa ua, akakaa kizingitini. Alinyoosha miguu mpaka visigino vikagusa fremu ya upande wa pili, fremu aliyoichonga mwenyewe. Mlango ukawa umezibwa.

"Hutoki mpaka uniahidi."

"Fundi, tunachelewa," Mwalimu akalia.

"Aahidi."

"Inuka, mume wangu."

"Ahidi kwanza. Nimekuomba kitu gani tena maishani? Nimekuomba kimoja."

Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, Mama Kufuli hajawahi kumvuka mume huyu. Hata akimkuta amelala mkekani katikati ya njia, humzunguka. Wifi zake walimcheka kwa hilo, wakasema mwanamke mrefu hivyo, hatua moja tu ingetosha.

Alisimama mbele ya miguu ile. Alimtazama mumewe, na Mzee akamtazama yeye kutoka chini, macho mekundu, akitikisa kichwa taratibu, kama anayemsihi asifanye alichokwisha kuamua.

Akakusanya gauni lake lililolowa, akamvuka.

Hakuahidi kitu. Mzee aliinua mkono amshike upindo, kisha akaushusha.

Njia yote Mwalimu alikuwa akimfundisha maneno ya kusema, yeye hasikii. Uwanjani watu walikuwa wamejaa, wakamfungulia njia. Mkaguzi alikuwa mlangoni mwa chumba cha kuvalia, mkoba begani, kalamu wazi. Kufuli alisimama kando yake. Alipomwona mama yake anakuja, akampa mgongo.

"Mama," mkaguzi akauliza kwa ule upole wake, "naomba neno moja tu, niandike. Ulijua, au hukujua?"

Mama Kufuli hakumtazama mkaguzi. Aliutazama mgongo wa mwanawe, mpana, unaopanda na kushuka.

"Mwambie ageuke kwanza," akasema. "Siwezi kulisema hili mtoto wangu akiwa amenipa mgongo."